Kula na kuonja bia kwenye Milima ya Rocky, Colorado: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa anayeendesha gari mwenyewe, awe amekodi Denver au anaishi Marekani tayari. Yanahusu zaidi kipindi cha Juni hadi mwanzoni mwa Oktoba, barabara zinapokuwa wazi na migahawa mingi inafanya kazi.

Tupite njia gani, na kwa siku ngapi?

Siku saba na usiku sita zinatosha bila kukimbizana. Panga safari kwa kuangalia mtalala wapi kabla ya kuangalia mtakula wapi. Kila usiku laleni kwenye mji mdogo ambao nyumba ya wageni, mgahawa na baa vinafikika kwa miguu. Mchana ni wa barabara na maji ya kunywa, jioni gari limeegeshwa, ndipo mnaonja. Wanaofanya kinyume chake, wakaonja mchana katika kila mji wanaopita, hujikuta saa tisa alasiri wana kilomita mia mbili za kona mbele yao na hakuna anayefaa kushika usukani.

Siku ya kwanza, Denver hadi Idaho Springs ni kama kilomita 53. Hapo mnakula mchana, mnapita handaki la Eisenhower lililo mita 3,401 juu ya usawa wa bahari, kisha mnalala Frisco au Breckenridge. Siku ya pili mnashika barabara namba 91 kwenda Leadville, mnashuka na kulala Salida. Siku ya tatu ndiyo ndefu: kama kilomita 300 hadi Durango kupitia Wolf Creek Pass, yaani saa nne bila kusimama. Durango mlale siku mbili, panastahili. Siku ya tano ni Silverton na Ouray, ya sita Palisade kwenye mashamba ya matunda, ya saba mnarudi Denver kwa barabara kuu ya I-70.

Kuzunguka kwa upande huu kuna faida yake. Kipande cha barabara ya 550 kati ya Silverton na Ouray kimechongwa kwenye ubavu wa mlima, na sehemu kubwa haina kizuizi chochote pembeni. Anayetoka Silverton kwenda Ouray hukaa upande wa mwamba, anayekuja kinyume ndiye anayepita ukingoni mwa bonde. Piteni asubuhi. Julai na Agosti mvua za radi hupenda kunyesha mchana.

Menyu zinaandika brewpub na taproom. Nitapata chakula kote kuwili?

Hapana, na hili huwalaza watu njaa. Brewpub ni mgahawa kamili unaopika bia yake: una jiko, wahudumu na meza za familia. Taproom ni baa iliyo ndani ya kiwanda chenyewe, mapipa ya chuma yapo mbele yako, na mara nyingi haina jiko kabisa. Nje husimama gari la chakula, lakini huwa na siku zake na saa zake, na likiishiwa linaondoka. Kabla ya kutoka hotelini angalia ukurasa wa kiwanda kujua gari gani linakuja leo. Taproom nyingi zinakuruhusu uje na chakula chako, kwa hiyo nunua piza jirani uingie nayo. Uliza kwanza kaunta.

Mifano ya brewpub kwenye mzunguko huu: Wynkoop ya Denver, iliyofunguliwa mwaka 1988 karibu na kituo cha treni cha Union Station (mmoja wa waanzilishi wake, John Hickenlooper, baadaye alikuwa meya wa Denver, gavana wa jimbo na seneta); Steamworks na Carver za Durango; na Ouray Brewery, ambayo ina baraza juu ya paa linaloutazama mlima. Kwa upande wa taproom, Ska ya Durango, iliyoanza 1995, ni mahali pazuri pa kuona kiwanda kinavyofanya kazi.

Ubao wa kuonjea una bia kiasi gani hasa?

Kwenye menyu huitwa flight: kibao chenye glasi ndogo nne hadi sita, kila moja wakia 4 au 5, yaani mililita 120 hadi 150. Glasi zinaonekana kama za watoto, ndiyo maana watu hukosea hesabu.

Chukua glasi tano za wakia 4. Jumla ni mililita 590 hivi. Kama bia hizo zina wastani wa asilimia 7 ya pombe, umekunywa mililita 41 za pombe tupu. Chupa ya Tusker ya mililita 500 yenye asilimia 4.2 ina mililita 21. Kibao kimoja, basi, ni karibu Tusker mbili, na hapo hujamaliza hata nusu ya orodha iliyoandikwa ukutani. Mwili wa mtu mzima huondoa pombe ya bia moja ya Kimarekani, ile ya mililita 355 na asilimia 5, kwa muda wa kama saa moja. Kahawa na kuoga maji baridi haviharakishi chochote.

Wawili mkigawana kibao kimoja mtaonja zaidi na kulewa kidogo. Ndivyo tunavyoshauri.

Nimezoea leja za nyumbani. Nianze na ipi?

Mwenye kuzoea Kilimanjaro, Tusker au Safari aanze na leja, pilsner au Kölsch. Steamworks wana Kölsch yao, nyepesi na safi. Kisha panda kwenye amber, ambayo kimea chake kimekaangwa zaidi na ina utamu kidogo wa mkate uliobabuka. Fat Tire ya New Belgium, kiwanda kilichoanza Fort Collins mwaka 1991, ndiyo iliyoifanya aina hiyo ijulikane, kabla ya kubadilishwa mapishi mwaka 2023. Baada ya hapo ingia kwenye pale ale, na IPA, iliyo chungu zaidi kwa wingi wa hopsi (maua yanayoipa bia uchungu), iwe karibu na mwisho. Bia nyeusi nzito, stout na porter, zifuate au ziwekwe kando kabisa ya IPA.

Mpangilio huu una sababu. Uchungu wa hopsi hukaa ulimini dakika kadhaa. Ukianza na IPA, pilsner inayofuata itakuwa kama maji, nawe utailaumu bure. Kunywa maji baina ya glasi na utafune kitu kisicho na pilipili.

IPA huwashinda wengi mara ya kwanza, na hakuna ubaya kusema hivyo kaunta. Mwambie mhudumu unataka isiyo chungu. Atakupa kionjo bure, kimoja au viwili, na hilo ni jambo la kawaida. Usiombe vionjo vinane wakati foleni iko nyuma yako. Waliokulia na mbege huko Moshi mara nyingi hupenda bia chachu, zinazoandikwa sour, kuliko wanavyotarajia.

Je, mwinuko unafanya bia ilevye zaidi?

Kiasi cha pombe kwenye damu hakipandi kwa sababu ya mlima. Kinachotokea ni kwamba hewa ni nyepesi na kavu, unapoteza maji kwa kupumua tu, usingizi wa usiku wa kwanza unakuwa mbovu, na kichwa huuma hata bila kunywa. Ukiongeza bia tatu juu ya hayo, asubuhi hutajua kinachokusumbua ni mwinuko au pombe.

Denver iko mita 1,609, chini kidogo ya Nairobi, kwa hiyo anayetoka Nairobi hataona tofauti siku ya kwanza. Anayetoka Dar, Mombasa au Muscat ataiona. Breckenridge iko karibu mita 2,900, na Leadville mita 3,094: juu ya kambi ya Mandara pale Kilimanjaro na chini ya Horombo. Usiku wa kwanza juu ya mita 2,500 usizidi bia moja, kunywa maji kabla ya kusikia kiu, kula wanga. Kichwa kikiuma sana, ukatapika au ukaanza kuyumba bila kunywa, shuka chini na umwone daktari. Usisubiri kukuche.

Jikoni nako mwinuko unaonekana. Leadville maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi badala ya 100, ndiyo maana maharage huchukua muda mrefu kuiva na mkipanga nyumba yenye jiko mtahitaji sufuria ya presha. Kopo la bia lililofungwa bondeni hutoa povu jingi likifunguliwa huko juu, kwani gesi inakimbia haraka panapokuwa na shinikizo dogo la hewa. Lipoze vizuri kwanza, lifungue polepole.

Sheria ya kuendesha ikoje?

Colorado ina ngazi mbili. Pombe kwenye damu ikifika asilimia 0.08, hilo ni kosa kamili la kuendesha ukiwa umelewa. Lakini kuanzia 0.05 tayari unaweza kushtakiwa kwa kuendesha uwezo wako ukiwa umepungua. Utah, jimbo la jirani, kikomo ni 0.05 tangu mwisho wa mwaka 2018. Kwa mwenye viza au ombi la uhamiaji ambalo bado halijajibiwa, kesi ya namna hii inaweza kuvuruga mambo makubwa kuliko faini.

Chombo cha pombe kilichofunguliwa hakiruhusiwi wanapokaa watu ndani ya gari, hata kama anayekunywa ni abiria. Kiweke buti.

Dereva asiyekunywa achaguliwe asubuhi, si baada ya glasi ya kwanza. Eneo la Breckenridge, Frisco na Dillon lina mabasi ya umma ya bure, Summit Stage, yanayounganisha miji hiyo. Huko kundi zima linaweza kuacha gari. Angalia tu basi la mwisho linaondoka saa ngapi.

Nionyeshe kitambulisho gani?

Pasipoti yenyewe. Umri ni miaka 21, na wenye nywele za mvi pia huulizwa. Leseni ya Kenya au Tanzania inaweza kukubaliwa mahali pamoja na kukataliwa mlango unaofuata, kwa sababu mhudumu ndiye anayeadhibiwa akikosea. Picha ya pasipoti kwenye simu haisaidii.

Nisikose chakula gani?

Cha kwanza ni green chile. Ni rojo zito la pilipili za kijani zilizochomwa motoni mpaka ganda likajikunja na kuwa jeusi, zikamenywa, zikapikwa na kitunguu, saumu na vipande vya nyama, kisha likakazwa kwa unga. Humwagwa juu ya burito (chapati iliyokunjiwa chakula ndani), mayai, baga, hata viazi vya kukaanga. Ya Colorado huwa nzito na yenye rangi ya machungwa kuliko ya New Mexico. Ukali wake hautishi aliyezoea pilipili kichaa, lakini hubadilika kutoka mgahawa hadi mgahawa, kwa hiyo omba kijiko kwanza. Mwishoni mwa Agosti na Septemba, pilipili za Pueblo zinapovunwa, utaona mapipa ya waya yakizungushwa juu ya moto wa gesi kando ya barabara, moshi wake unakuita kabla hujaona kibanda. Huo ndio wakati wa kula green chile.

Piza ya Idaho Springs ni jambo lake lenyewe. Beau Jo's, iliyoanza 1973, huiuza kwa ratili. Kingo zake zimekunjwa nene kama kamba, na juu ya meza kuna chupa ya asali: unakula katikati kwanza, kisha unamwagia kingo asali kama kitindamlo. Agizeni ndogo kuliko mnavyodhani. Ijumaa mchana na Jumapili jioni hapo pana foleni kwa sababu kila mtu amejificha kukwepa msongamano wa I-70, kwa hiyo fikeni kabla ya saa tano na nusu asubuhi.

Nyama ya bison, yule nyati wa Marekani, haina mafuta mengi. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tunapenda nyama iive hasa, na steki ya bison ikiiva hasa inakuwa kavu na ngumu kutafuna, kisha tunasema nyama mbaya. Kama hutaki kuona wekundu, usiagize steki. Agiza mbavu zilizopikwa taratibu kwa saa nyingi au mchuzi wake. Baga pia inafaa, maana nyama ya kusaga inatakiwa kufika nyuzi 71 kwa usalama, na jibini na mchuzi huirudishia unyevu. Nyama ya elk, kulungu mkubwa wa huko, unayouziwa mgahawani ni ya kufugwa, nyingine hutoka New Zealand. Nyama ya kuwindwa porini hairuhusiwi kuuzwa.

Samaki wa trauti huja mzima au minofu yenye ngozi. Aliyekula trauti wa maeneo ya Mlima Kenya anamjua tayari. Na kile kinachoitwa Rocky Mountain oysters si chaza wa baharini: ni korodani za fahali, zimekatwa vipande, zikachovywa kwenye unga na kukaangwa. Zinalika vizuri zikiwa za moto, ladha yake iko kati ya firigisi na maini. Kula ukijua unachokula.

Palisade ni mapichi. Huanza kuiva mwishoni mwa Juni, Agosti ndiyo yamejaa, Septemba yanaisha. Nunua shambani, si kwenye duka la petroli, na uchague yanayonukia upande wa kikonyo. Yaliyo magumu kabisa hayatapata utamu ndani ya buti la gari.

Nyama ya nguruwe imejificha wapi? Na halali je?

Green chile ya Colorado kwa kawaida hupikwa na kitimoto. Usidhani kwa sababu umeagiza burito ya maharage umeepuka: rojo la juu lina nyama, na maharage ya kupondwa huenda yamekaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Uliza maswali mawili tofauti, moja la rojo na moja la maharage. Migahawa mingi ina rojo la mboga tu, ila halitajwi mpaka uulize. Soseji za elk na bison nazo mara nyingi huchanganywa na mafuta ya nguruwe ili zisikauke. Samaki wa kukaangwa uliza amefunikwa na nini, kwani unga wake huchanganywa na bia mara nyingi.

Nyama halali ni rahisi Denver na hasa Aurora, mji wa mashariki yake, wenye maduka ya Waislamu, migahawa ya Kihabeshi na wakazi wengi waliotoka Afrika Mashariki na Kongo. Ukishapanda milimani ni adimu. Nunua kabla ya kuondoka, igandishe, ibebe kwenye sanduku la barafu na upange nyumba yenye jiko kwa angalau siku tatu. Siku nyingine tegemea trauti, mayai, na migahawa ya Kinepali, ambayo ipo katika miji mingi ya milimani na dengu zake zitakupumzisha na jibini.

Sinywi pombe. Nitafanya nini huko?

Utakula vizuri, na hakuna atakayekushangaa. Viwanda vingi hutengeneza root beer, soda ya mizizi na viungo isiyo na pombe licha ya jina lake. Tommyknocker ya Idaho Springs inajulikana pia kwa hiyo. Kuna maji ya gesi yenye hopsi, na bia zilizotolewa pombe, lakini hizi huruhusiwa kubaki na hadi asilimia 0.5. Asiyetaka hata tone asome kopo: panatakiwa paandikwe 0.0.

Bili itakuwa kiasi gani?

Bei ya menyu si bei ya mwisho. Baga ya dola 18 na bia ya dola 7 ni dola 25. Kodi, tuseme asilimia 8, inaongeza dola 2. Tipu ya asilimia 20 ni dola 5. Unalipa 32. Tipu ya mezani ni asilimia 18 hadi 20 ya kiasi cha kabla ya kodi, na si hiari kama ilivyo nyumbani: mhudumu anaitegemea kuishi. Kaunta ya taproom, dola moja kwa kila kinywaji inatosha. Baadhi ya migahawa ya miji ya watalii imeshaweka ada ya huduma kwenye bili. Isome kabla ya kuongeza, usilipe mara mbili.

Mbona tulifika tukakuta jiko limefungwa?

Miji hii hulala mapema. Jiko linaweza kufungwa saa mbili au saa tatu usiku ingawa baa bado ina taa. Jumatatu na Jumanne wengi hupumzika. Kisha kuna msimu wa tope, Aprili hadi Mei na tena Oktoba hadi Novemba, ambapo theluji haitoshi kuteleza na njia za kupanda mlima hazipitiki. Migahawa hufunga wiki kadhaa mfululizo ili wafanyakazi wapumzike. Piga simu siku hiyohiyo. Saa zilizoandikwa kwenye ramani ya simu mara nyingi ni za msimu uliopita.

Nataka kuondoka na bia. Ibebwe vipi?

Omba crowler: kopo kubwa la wakia 32, karibu lita moja, linalojazwa kwenye bomba na kufungwa kwa mashine mbele yako. Lina faida mbili juu ya chupa ya kioo ya wakia 64: halipitishi mwanga, na bado ni chombo kilichofungwa kisheria. Liweke baridi na ulinywe ndani ya siku chache. Chupa ya kioo iliyojazwa kisha ikaachwa kwenye gari juani inaweza kupasuka, maana joto linaisukuma gesi itoke kwenye bia nayo haina pa kwenda.

Tukiongeza Moab, kinabadilika nini?

Moab iko Utah, na sheria ni tofauti. Bia ya bomba haizidi asilimia 5 ya pombe. Kali kuliko hapo huuzwa kwa chupa au kopo. Kwenye mgahawa lazima uagize chakula ndipo upewe kinywaji, na sehemu yenye leseni ya baa haiingizi mtoto hata kama mnataka kula tu. Wenye watoto waulize mlangoni kama hapo ni mgahawa au ni baa. Colorado, watoto wanakaribishwa kwenye brewpub karibu zote wakati wa chakula.

Tunasafiri Oktoba. Tuhitaji minyororo ya matairi?

Kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, kila gari linalopita I-70 kati ya Morrison na Dotsero lazima liwe na matairi yanayofaa theluji, au libebe minyororo au kifaa mbadala. Kashata za tairi ziwe na kina cha inchi 3/16, karibu milimita 5. Magari mengi ya kukodi huja na matairi ya kawaida. Chungulia kabla ya kusaini, na uombe lenye magurudumu manne ya kuvuta pamoja na matairi yenye alama ya M+S, yaani ya tope na theluji. Independence Pass, njia ya mkato ya kwenda Aspen, hufungwa kabisa wakati wa baridi, hata simu yako ikisema pitia huko.